Geji ya mshale au ya namba: miezi 14 nikiwa na zote mbili kwenye dashibodi moja

Mwaka juzi niliunguza gasketi ya silinda hedi huku macho yangu yakiwa kwenye dashibodi. Mshale wa geji ya joto la injini iliyokuja na gari ulikuwa katikati, mahali pake pa kila siku, kisha katika muda usiofika dakika mbili ukapanda hadi kwenye alama nyekundu, na nilipofanikiwa kuegesha pembeni mvuke ulikuwa tayari unatoka chini ya boneti. Fundi aliyeifungua injini hiyo, ya dizeli, lita 3, yenye silinda hedi ya aluminiamu, alinieleza jambo ambalo laiti ningelijua mapema: geji nyingi za kiwandani hutengenezwa kwa makusudi ili mshale utulie katikati kwa eneo kubwa la joto, takriban kuanzia nyuzi 80 hadi kupita 100, ili mwenye gari asiingiwe na hofu kila anapopanda kilima. Dereva anatulizwa, lakini joto halisi haambiwi.

Baada ya kulipia uchongaji wa silinda hedi na gasketi mpya, niliamua kufunga geji ya ziada, na hapo ndipo swali lilipoanza. Pale Gerezani, Dar es Salaam, kwenye maduka ya vipuri, muuzaji mmoja aliniapia kwamba geji ya kimakanika haijawahi kumdanganya dereva wa lori, na jirani yake, hatua kumi tu kutoka hapo, akaniambia kwamba siku hizi anayefunga mshale ni mtu asiyejua kusoma namba. Sikuweza kuamua nani mkweli, kwa hiyo nikanunua zote mbili. Ile ya kidijitali ilinigharimu karibu mara mbili ya bei ya mwenzake.

Geji ya kimakanika ya joto haina waya wowote isipokuwa wa taa yake. Inakuja ikiwa kitu kimoja: chuma kidogo mfano wa risasi kinachozama ndani ya maji ya injini, kibomba chembamba sana kilichofungwa moja kwa moja, na uso wenye mshale. Ndani ya chuma kile kuna kimiminika chepesi ambacho kikipata joto hutoa mvuke, na shinikizo la mvuke huo hukunjua kibomba kilichopinda nyuma ya uso wa geji, ule ubunifu ambao Mfaransa Eugène Bourdon aliuwekea hataza mwaka 1849 na ambao hadi leo unatumika katika geji za upepo wa tairi na za mitungi ya gesi. Ubora wake ni kwamba hata betri ikifunguliwa, mshale utaendelea kuonyesha joto. Ubaya wake ni huohuo wa kuwa kitu kimoja: kibomba hakikatwi wala hakiungwi, hivyo ilibidi tutoboe ukuta wa bati unaotenganisha injini na dashibodi tundu la kupitisha risasi nzima, tulizungushie mpira, kisha urefu uliobaki tuukunje kwa mizunguko mipana mbali na ekzosi. Fundi wangu alitaka kuukunja kama waya wa redio, na nikamzuia kwa sauti ambayo baadaye nilimwomba radhi.

Ikishafungwa, hata hivyo, ni raha kuitazama. Niliuzungusha uso wa geji ili nyuzi 85, ambazo ndizo joto la kawaida la gari langu, zielekee juu kabisa, kama madereva wa mashindano wanavyofanya. Sisomi chochote: mshale ukiwa wima, endelea, ukianza kulala upande wa kulia, angalia. Nikipanda mlima Kitonga, kwenye barabara ya kwenda Iringa, nyuma ya malori, gia ya pili, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, niliuona ukienda taratibu hadi nyuzi 96, nikazima kiyoyozi, ukaanza kurudi. Geji ya kiwandani safari hiyo yote haikutikisika.

Ya kidijitali ilinisumbua zaidi mwanzoni. Sensa yake ni kipande ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyopanda, na hapa kuna mtego ambao muuzaji hakuutaja: muunganiko ukilegea au ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari) ikiwa mbovu, ukinzani unaongezeka, na geji inaonyesha joto dogo kuliko lililopo. Yaani inakosea kuelekea upande wa hatari. Sensa yangu ilifungwa kwenye kiungo cha chuma katikati ya mpira wa juu wa rejeta, na kwa kuwa mpira haupitishi umeme, kiungo hicho kinahitaji waya wake wa ethi. Mwezi wa tatu waya huo ulilegea, na nikajikuta na namba 71 upande mmoja na mshale kwenye 88 upande wa pili. Kama ningekuwa na namba peke yake ningeiamini, kwa sababu namba ina heshima ambayo mshale hauna. Mchana wa jua kali, zaidi ya hayo, tarakimu zake nyekundu hazisomeki, na usiku zinachoma macho.

Kilichoniamulia ni safari ya Iringa mwezi wa nane. Tulikuwa tumeshapita Ilula, barabara tambarare kiasi, na mshale ukashuka hadi 70. Namba nayo ikashuka. Nikadhani ni baridi ya huko juu. Mke wangu ndiye aliyesema ananusa kitu kitamu kama sharubati iliyoungua. Kibano cha mpira wa chini kilikuwa kimelegea na maji yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo vipimo vyote viwili vilikuwa vinaning'inia hewani na kupima hewa kwa uaminifu mkubwa, wakati chuma cha injini kikiwaka. Tulisimama kwa wakati, kwa rehema za pua ya mtu mwingine.

Tangu hapo nimeihamisha ile ya kidijitali. Nilinunua sensa yenye pete, inayofungwa kwa bolti kwenye silinda hedi yenyewe na kuwa na waya zake mbili, hivyo tatizo la ethi likaondoka na sasa inapima chuma, maji yawepo yasiwepo. Geji ya kimakanika ya kawaida, ambayo risasi yake imeumbwa kuzama, haiwezi kazi hiyo. King'ora cha geji hiyo nimekiweka kwenye nyuzi 98. Mfuniko wa rejeta usio na hitilafu, wa bar 0.9 hivi, huzuia maji yasichemke hadi karibu nyuzi 120, lakini mfumo ukivuja shinikizo hilo linapotea, na kwenye mwinuko wa Iringa, zaidi ya mita 1,500, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 95.

Kwa presha ya oili sikusita. Geji ya kimakanika huleta oili yenyewe, ya moto na yenye shinikizo la bar kadhaa, hadi juu ya magoti yako kupitia kibomba. Kibomba hicho kikisuguana na bati kwa mwaka mmoja, utaifahamu oili hiyo kwa ngozi. Nilichukua ya umeme. Angalizo moja tu: nyuzi za skrubu za sensa nyingi za Kimarekani ni 27 kwa inchi, na za magari mengi ya Kijapani ni 28, zote zikiitwa moja ya nane ya inchi. Zinaanza kuingia vizuri, kisha zinaharibu tundu la injini. Kwa umeme wa betri, namba tupu: tofauti ya volti 12.6 na 14 kwenye mshale ni unywele.

Wenye magari mapya yenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani wanaweza kuchomeka kioo kidogo cha kidijitali na kusoma joto la maji bila kutoboa chochote, ingawa nacho kinasoma sensa iliyomo majini.

Mimi nimebaki na mshale wa maji kushoto na namba ya chuma kulia. Mdogo wangu, anayeliendesha gari hili siku za kazi, haangalii hata kimoja. Kwa ajili yake nimepandisha sauti ya king'ora hadi mwisho.