Maua ya jamii ya mnanaa kwa nyumba za Tabora: lipi ununue kwanza

Kitaluni mwezi wa Januari kila mche unapendeza. Mvua inanyesha, muuzaji anautunza, majani yanang'aa. Kwa mnunuzi wa Tabora swali lililo zito ni la Septemba: mvua imekatika tangu Aprili au Mei, kila ndoo ya maji ina kazi yake nyumbani. Je, ua ulilonunua litakuwa bado linapumua? Orodha hii nimeipanga kwa kigezo hicho.

Jamii hii ni kubwa, hata mtiki wa mbao umo. Ili kuitambua, zungusha shina changa kati ya vidole: utagusa pembe nne. Majani hutoka mawili mawili yakitazamana, na jozi ya juu hukingama na ya chini kama msalaba. Mengi hunukia ukiyafikicha.

1. Rozimari

Asili yake ni nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, ambako kiangazi ni kikavu na ardhi ina mawemawe. Jua letu na mchanga wetu haviisumbui. Kinachoiua hapa ni masika, maji yakituama kwenye mizizi. Ipande juu ya tuta, au kwenye chungu chenye matundu makubwa chini, na ikishashika usiimwagilie kila siku.

Hukua polepole, kwa hiyo usishangae mche wake ukiuzwa ghali kuliko rehani. Lipa tu, maana utakaa nao miaka. Chagua mfupi ulioshiba matawi, kijani mpaka chini. Ukikuta vijiti vikavu karibu na udongo, uache, kwa sababu tawi la zamani lisilo na majani ni nadra kuchipua tena. Kwa sababu hiyohiyo, unapopogoa ishia kwenye kijani. Vijiti ulivyokata vitie kwenye mbuzi wa kuchoma au viazi vya oveni.

2. Koliasi

Ndiyo ile yenye majani mekundu, ya zambarau na ya kijani cha ndimu kwenye jani moja. Imetoka Asia ya kusini-mashariki na inataka unyevu, kwa hiyo jua la saa nane la Oktoba huilaza chini. Nimeipa nafasi ya pili kwa sababu mji wetu una miembe: upande unaopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana ndio makazi yake.

Tena ukinunua mmoja una kumi. Kata ncha yenye urefu wa kidole, chini kidogo ya kifundo, yaani pale majani yanapotokea kwenye shina, ondoa majani ya chini, tia kwenye glasi ya maji dirishani. Katika wiki mbili hivi mizizi myeupe imeshatoka. Hata mama akikaushwa na kiangazi, watoto wake wako ndani ya nyumba.

Kabla ya kulipa, geuza majani na uchungulie pale jani linapokutana na shina. Vinyuzi vyeupe kama pamba ni wadudu waitwao vidung'ata, na mche mmoja wenye hao utaambukiza bustani nzima. Koliasi si ya kula, na wanyama wa nyumbani wasiitafune.

3. Rehani

Kwa harufu haina mpinzani: kikuba, chai, au chombo cha maji sebuleni. Lakini haikai miaka. Usinunue iliyorefuka na kutoa maua, maana imeshaanza kuzeeka. Chukua changa, kisha kila mara kata juu kidogo ya jozi ya majani ili yachipue matawi mawili. Mashina machache yaache yachanue kwa ajili ya nyuki. Mkoa unaosifika kwa asali unastahili hilo.

Ndugu yake, kivumbasha, usiutolee pesa. Omba mbegu kwa jirani, upande karibu na madirisha. Harufu yake husaidia kupunguza mbu, ila chandarua kibaki pale pale.

4. Salvia nyekundu

Asili yake ni Brazil. Wakati wa mvua, ukiipa samadi iliyooza, huwaka nyekundu na kuita ndege chozi. Kiangazi huilegeza haraka. Inunue kwa msimu mmoja, ikiwa na matumba ya maua ambayo bado hayajafunguka.

5. Mnanaa, na lavenda mwisho kabisa

Mnanaa ni wa chai, na hutambaa kila upande. Uweke kwenye ndoo iliyotobolewa karibu na bomba. Lavenda inavutia wengi kwa jina lake, lakini ile ya Kiingereza hutaka majira ya baridi ili ichanue vizuri, na kwenye mwinuko wetu wa mita kama 1,200 hayapo. Ukiitaka sana, tafuta yenye majani yaliyochongoka pembeni kama meno ya msumeno. Hiyo huvumilia joto zaidi.

Nunua mvua zikishashika, mwishoni mwa Novemba au Desemba. Muulize muuzaji miche imetoka wapi: iliyoletwa kutoka Lushoto au Arusha ikae kivulini wiki moja kwanza. Inua kiriba, ule mfuko wa mche, utazame chini, na mizizi ikiwa imejisokota nje, chagua mwingine. Waliokulia kwenye tumbaku wanajua namna ya kushika mche: pasua kiriba kwa wembe, usiung'oe kwa shina, na upande jioni.