Panya buku wa SUA, Morogoro: fikeni alfajiri

Babu mzaa mama alikanyaga bomu la kutegwa ardhini ng'ambo ya Ruvuma, wakati Wamsumbiji wakipigana na Wareno. Alivushwa mto kwa machela hadi Newala. Mimi nilimkuta na gongo, na sikumwona hata siku moja akiacha njia ya nyayo kuingia majanini. Kwa hiyo nilipopata safari ya Morogoro, haja yangu ilikuwa moja: kuwaona panya wa kunusa mabomu wa shirika la APOPO, wanaofunzwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) tangu mwaka 2000.

Siku ya kwanza ilipotea bure. Wakala aliyenipangia ziara alinifikisha saa nne, jua kali, panya wamesharudi bandani. Panya buku ni mnyama wa usiku, joto halimfai. Ombeni miadi wenyewe na muwe uwanjani kabla ya saa moja.

Kesho yake nilifika bado giza. Wakufunzi wawili walisimama huku na huku, kamba imenyooshwa kati yao, panya amefungwa mkanda unaoteleza juu ya kamba. Anakwenda, anarudi, pua chini. Ghafla akasimama, akakwaruza udongo. Kifaa mkononi mwa mkufunzi kikalia tik, panya akakimbilia kipande chake cha ndizi. Pale chini palikuwa na bomu halisi, lililokwisha kuteguliwa. Mwili ulinisisimka.

Mama aliyekuwa akituongoza alieleza vizuri mno, bila haraka. Panya anafuata harufu ya TNT, baruti iliyomo ndani ya bomu. Kifaa cha kutafuta chuma hulia kwa kila msumari na kizibo cha soda, na mabomu mengi yameundwa kwa plastiki, chuma chake kidogo sana. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi panya hulimaliza kwa nusu saa. Mtu mwenye kifaa anaweza kuchukua hadi siku nne. Panya naye ana kilo moja na ushee tu, hawezi kulilipua bomu. Panya Magawa, aliyezaliwa hapo hapo SUA, alifanya kazi Kambodia hadi PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza, likamtunuku medali ya dhahabu mwaka 2020.

"Shikamoo mama, na Msumbiji je, mlifika?"

"Marahaba mwanangu. Tulifika. Mwaka 2015 nchi ile ikatangazwa imesafishwa."

Hapo nikashindwa kuendelea kuuliza. Mabomu ya Wareno, kisha ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha 1992, yaliendelea kukata watu miguu wakiwa wanalima tu. Babu alikufa kabla ya 2015.

Nyota tano. Nilimtumia mama yangu mzazi picha ya panya akila ndizi, akapiga simu papo hapo kuuliza anaitwa nani. Mwezi ujao anakuja kutoka Newala. Miadi nimeshaomba, saa kumi na mbili asubuhi.