Miaka miwili na Tudor Black Bay Fifty-Eight

Saa yangu ya kwanza ya kuzamia ilikuwa na upana wa milimita 44, na usoni iliandikwa mita 600, yaani kina inachoweza kuhimili. Niliinunua kwa ajili ya hiyo 600. Ikawa inagonga kila mlango na haiingii chini ya shati, basi mara nyingi ilikaa kwenye droo. Saa ya otomatiki hujijaza kwa mwendo wa mkono, usipoivaa, inasimama. Kila nilipoitoa ilibidi niirekebishe majira upya.

Saa yangu ya sasa, Black Bay Fifty-Eight ya kampuni ya Tudor, ina upana wa milimita 39, na unene wake haufiki 12. Tofauti niliisikia palepale nilipoivaa. Jina lake linakumbuka 1958, mwaka Tudor ilipotoa saa yake ya kwanza ya kuhimili mita 200. Na hii mpya ni mita 200 vilevile, zaidi ya kutosha: sisi tunaozamia kwa starehe mwisho wetu ni mita 40.

Ninachokipenda kuliko vyote ni ile pete ya juu, inayozunguka kioo, ambayo kwayo nahesabu dakika nilizokaa chini ya maji. Inazunguka upande mmoja tu, ina vituo 60, na kila kimoja kinalia kwa mkato. Ikigongwa kwenye jabali kwa bahati mbaya ikasogea, itakuonyesha umekaa chini muda mrefu kuliko kweli, kwa hiyo utapanda mapema, hewa ikiwa bado ipo. Nina kompyuta ya kuzamia, ndiyo, lakini dakika tatu za kusubiri kwenye mita tano wakati wa kupanda, kwa usalama, bado nazihesabu kwa pete.

Nikiivua Ijumaa usiku, Jumatatu asubuhi naikuta ingali inatembea, maana ikijaa hukaa saa 70 hivi. Yangu huenda mbele kama sekunde tatu kwa siku. Haina tarehe, mimi naona ni nafuu, wewe unayeitegemea tarehe fikiria kwanza.

Usiingie majini kabla hujahakikisha kitufe cha pembeni cha kurekebishia majira kimekazwa hadi mwisho. Ukitoka baharini, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Mipira ya kuzuia maji huchoka kwa miaka, kwa hiyo mpe fundi aipime kwa mashine ya presha kila mwaka.

Kabla ya kununua, ivae robo saa nzima, ukunje mkono, uvae koti juu yake. Ile ya milimita 44 sikuijaribu hivyo.