Viziba Masikio vya Sponji: Wiki Mbili za Kuvikosea, Miezi Kumi ya Kuvitumia

"Fundi, huisikii hiyo beringi?" Kijana ninayemfundisha kazi aliniuliza hivyo akiwa amesimama kando ya mashine ya randa. Niliinama, nikasogeza sikio, nikamwambia azime na kuwasha tena. Nilichosikia ni mngurumo wa siku zote. Tulipoifungua, beringi ilikuwa kavu kabisa, na yeye akasema imekuwa ikilia kwa sauti nyembamba wiki nzima. Nimefanya useremala miaka 19, na mpaka siku ile niliamini masikio yangu ni mazima.

Nilikwenda kupimwa. Mchoro wa majibu ulikwenda sawa kwenye sauti nzito, ukazama ghafla kwenye sauti nyembamba, karibu na hezi 4000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), halafu ukapanda kidogo. Mpimaji alinieleza kwamba bonde kama hilo mara nyingi ni alama ya kelele. Ndani kabisa ya sikio, kwenye mfereji uliojiviringa kama konokono, kuna seli zenye vinyweleo zinazogeuza mtetemo kuwa ishara za neva. Mtu ana takriban 15,000 katika kila sikio, na zikifa hazioti tena. Za sauti nyembamba ndizo hutangulia. Basi nikaelewa kwa nini mashine nazisikia vizuri huku s na f za watu zikinipotea. Miaka yote hiyo niliwalaumu wenzangu kwamba wanamung'unya maneno.

Nikanunua viziba masikio vya sponji, vile vidogo vinavyobonyea, pakiti yake imeandikwa kwamba vinapunguza kelele kwa desibeli 33 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Wiki mbili za kwanza niliviona havina maana. Mashine zilipiga kelele vilevile, na kila nikiinama kimoja kinaanguka kwenye unga wa mbao. Kosa lilikuwa langu: nilivisokomeza kama gunzi kwenye mdomo wa chupa, nusu ndani nusu nje.

Namna inayofaa ni hii. Nawa mikono kwanza. Sokota kizibo polepole kwa vidole mpaka kiwe chembamba, bila mikunjo. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, kisha ingiza haraka na ushikilie kwa ncha ya kidole kama nusu dakika, mpaka sponji ivimbe yenyewe. Watu wengi huruka hapo pa kushikilia, na ndipo kazi yote inapoharibika. Kikikaa vizuri, sauti yako mwenyewe inavuma kichwani kana kwamba unasemea mtungini. Siku nilipopatia, msumeno ulisikika kama umehamia chumba cha pili. Nilizima mashine, nikavitoa, nikavirudisha, kuhakikisha kwamba kweli ni vyenyewe.

Hiyo 33 ya kwenye pakiti ni ya maabara. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilipata kushauri namba ya vizibo vya sponji ikatwe nusu, kwa kuwa kazini watu hawavivai kama kwenye maabara. Taasisi hiyohiyo inataka mfanyakazi asizidi wastani wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu: kwenye 88 ni saa 4, kwenye 91 saa 2, na kwenye 100 ni dakika 15. Programu ya simu, ambayo si kipimo cha kitaalamu, ilinionyesha karibu 100 nikiwa nachana mbao. Dakika 15 kwangu hazitoshi hata kuchana mbao za kabati moja.

Kilichonishtua zaidi ni suala la kuvivua. Nilikuwa na tabia ya kuvitoa kila mtu akija kuzungumza, halafu naendelea na kazi masikio wazi. Kumbe ukiwa na kinga nzuri ya desibeli 30 ukaivaa nusu tu ya muda wa kelele, hesabu ya siku nzima inakupa kinga ya kama desibeli 3 tu. Kelele ya ile nusu iliyobaki inameza yote. Ndiyo maana nimeongeza vile vikinga vya vikombe vinavyofunika sikio lote. Navitumia kwa kazi za kukata mara moja na kuacha, au mikono ikiwa na gundi, maana sponji haipaswi kusokotwa kwa mikono michafu. Ila miwani yangu ya kazini inaviinua kidogo kwenye ukingo, na kelele inapenya papo hapo. Kuvaa vyote viwili pamoja kunaongeza kama desibeli 5 tu. Hufanya hivyo kwenye grenda peke yake.

Kasoro za sponji zipo. Inapunguza sauti nyembamba zaidi kuliko nzito, kwa hiyo maneno ya watu yanakuwa na ukungu, na kwa aliyekwisha kupoteza sauti hizo kama mimi ni tabu zaidi. Mpiga muziki atafute vile vyenye kichujio, vinavyoshusha sauti zote karibu kwa usawa. Tundu la sikio huwasha ukirudia kizibo kilichochafuka. Mimi navitupa mapema. Mwenye sikio linalotoa usaha asiviguse kabla ya kumwona daktari.

Sasa ni mwezi wa kumi. Mlio wa masikioni uliokuwa ukinisumbua usiku baada ya siku ya kuchana mbao nyingi umepungua sana, ingawa haujaisha. Nimepimwa tena: bonde liko palepale, halijazidi kina. Nilitoka pale nimefurahi kuliko nilivyotarajia. Yule kijana nilikwenda naye, naye akapimwa kwa mara ya kwanza, na mstari wake umenyooka mwanzo mpaka mwisho. Vizibo vyake vina kamba, vinaning'inia shingoni kutwa. Kila Jumatatu, kabla hatujaanza kazi, huwasha mashine moja moja, akasikiliza beringi, kisha akavivaa.