New Hampshire au Wyoming: kura 20,000 zingefaa wapi?

Mwaka 2001 Jason Sorens, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Yale, alitoa wazo: walibertari 20,000, watu wanaotaka serikali ndogo na kodi kidogo, wahamie jimbo moja la Marekani ili kura zao zisitawanyike. Mwaka 2003 waliojiandikisha wakachagua. New Hampshire ikashinda, Wyoming ikafuata.

Kwa hesabu tupu, Wyoming ilivutia. Wakazi wake walikuwa takriban 500,000, ilhali New Hampshire walizidi milioni 1.2. Wageni 20,000 wangeonekana haraka zaidi. Lakini mtu hali kura. Wyoming ni pana, miji iko mbalimbali, na uchumi umeegemea makaa ya mawe, gesi na mifugo. New Hampshire inapakana na Massachusetts. Ajira za Boston haziko mbali.

Halafu kuna bunge, na hapa ndipo naona walichagua vizuri. Baraza la wawakilishi la New Hampshire lina viti 400, mbunge mmoja kwa watu elfu tatu na ushee, posho dola 100 kwa mwaka (ndiyo, kwa mwaka). Mgombea anaweza kubisha hodi kila nyumba. Wyoming ilikuwa na viti 60 tu.

Ila udogo huo ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mwaka 2022 huko Croydon, New Hampshire, mkutano wa mji, ambapo wakazi wenyewe hupigia kura bajeti, ulikata bajeti ya shule zaidi ya nusu, kwa hoja ya mmoja wa wahamiaji hao. Mwezi Mei wenyeji walifurika wakairudisha: kura 377 kwa 2.