Riviu: kampuni iliyotupanulia bekari Mtwara mjini bila kufunga biashara

Hii riviu nimeichelewesha makusudi, nilitaka mvua ipite kwanza. Kazi ya ujenzi ukiisifia siku unayokabidhiwa funguo unakuwa unasifia rangi tu. Saivi mvua za Desemba mpaka Aprili zimepita zote, paa halijavuja, pale tulipovunja ukuta hakuna hata ufa wa unywele, kwaiyo naweza kuongea.

Sisi ni bekari ya familia, mimi na dada yangu mkubwa, tulianza na fremu moja ya duka karibu na soko kuu, mikate, skonsi na maandazi, baadae keki za oda. Biashara ikakua mpaka joto la oveni linampiga mteja aliyesimama kaunta na magunia ya unga tunalaza kwenye korido. Fremu mbili za pembeni zilipokuwa wazi tukaona tuchukue zote tatu tuziunganishe. Waliotufanyia kazi ni kampuni ya hapa hapa Mtwara, jina siliweki kwa sababu humu kuna sifa na kuna malalamiko, na malalamiko tulishayamaliza mezani. Ninachotaka uone ni walivyopanga, maana pesa yetu ilifanya kazi zaidi kwenye kupanga kuliko hata kwenye zege.

Kabla yao walikuja mafundi wawili, kila mmoja akazunguka ndani kidogo akataja bei palepale, vunja hapa, weka tailizi pale, baada ya mwezi mnarudi kazini. Injinia wa hii kampuni alipokuja hakutaja bei yoyote. Alimuuliza dada, "Dada, mkataba wenu na mwenye nyumba umebaki muda gani?" Dada akasema tunalipa kodi ya mwaka, tunahuisha kila mwaka. Akasema basi nyundo isubiri, kwanza mkamalizane na mzee, hamuwezi kumwaga zege kwenye nyumba ya mtu mkiwa na mwaka mmoja mkononi.

Huyo mzee mwenye nyumba yuko Newala. Dada alimfuata huko na karatasi ambayo kampuni ilitusaidia kuipanga na wakili akaipitia: upangaji wa miaka mitano, ruhusa ya maandishi ya kuvunja ukuta, sehemu ya gharama za vitu vinavyobaki kwenye jengo ikatwe kwenye kodi kidogo kidogo, na vitu vyetu kama oveni, jenereta na meza za chuma tukihama tunaondoka navyo. Mzee akasoma taratibu, akasema, "Vunjeni wanangu, ila atakayevunja awe na karatasi zake." Akasaini. Kwangu mimi hiki kipengele peke yake kinawapa nyota, kwa sababu najua watu hapa mjini waliotengeneza fremu ikang'aa, mwaka ulipoisha kodi ikapandishwa kwa ajili ya uzuri walioulipia wenyewe.

Na karatasi walikuwa nazo kweli. Kama hujui, mkandarasi Tanzania anatakiwa awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, chini ya sheria ya mwaka 1997, na kuna madaraja kuanzia la kwanza mpaka la saba, la kwanza halina ukomo wa thamani ya kazi, mengine kila moja lina ukomo wake. Muulize mtu daraja lake na umwambie akuonyeshe cheti cha mwaka huu, mwenye nacho hakasiriki. Kibali cha ujenzi cha manispaa walikifuatilia wao, na hapa wengi wanateleza wanadhani kibali ni cha nyumba mpya tu. Ukigusa ukuta unaobeba jengo, au ukibadilisha matumizi ya chumba, unatakiwa kupita manispaa na michoro yako.

Sasa huo ukuta. Kati ya fremu ya kwanza na ya pili kuna ukuta ambao mafundi wote wa mwanzo walisema ni wa kugawa tu, ubomoe, bati linashikwa na kench, yani zile fremu za mbao zinazobeba paa. Injinia alipanda juu ya dari na tochi akakaa huko muda, aliposhuka shati lote vumbi na popo wamemchafua, akatuonyesha picha kwenye simu: kench zote za upande ule zimeegemea juu ya huo ukuta, zimeungwa katikati palepale. Yani ukiubomoa, paa linashuka chini. Akachora boriti ya zege ipite juu ya uwazi, nondo nne za milimita 16, ringi za milimita 8, na ncha za boriti zikalie nguzo mpya mbili zenye msingi wake, zisining'inie kwenye tofali za zamani. Kabla ya kuvunja waliweka mirunda, yani miti ya kuegemeza, pande zote mbili na mbao juu zimeshika kench, alafu wakavunja kwa vipande, sio nyundo moja ukuta mzima chini. Baada ya kumwaga zege walimwagilia maji kila siku wiki nzima, magunia yaliyolowa yamefunikwa juu, na mirunda ikabaki palepale wiki kadhaa maana nguvu ya zege inahesabiwa siku 28. Wateja walikuwa wanauliza kwani hii miti mnatoa lini. Mimi mwenyewe nilichoka kuikwepa, ila kila nikimuuliza msimamizi aondoe hata mmoja alikataa, na nashukuru alikataa.

Kuhusu kutofunga biashara, hapa ndo wanastahili sifa kubwa zaidi. Mtu wa kusini anajua pesa mjini inaingia lini, minada ya korosho ikianza Oktoba watu wananunua kila kitu, keki za harusi ndo usiseme. Wakachora kalenda wakaanzia mwisho: Oktoba mwanzoni lazima tuwe tunauza kwenye duka jipya, kwaiyo kazi ya zege na paa iingie Juni mpaka Agosti wakati wa kiangazi, na vitu vya kuagiza Dar viagizwe hata kabla ya kuvunja. Walijua pia kwamba Juni na Julai vibarua wengi wanaenda kwenye mikorosho kupulizia salfa, dawa ya ugonjwa wa ukungu, wakapanga wavunjaji wawe wameshamaliza au wawe watu wa mjini. Mpango wa kazi unaojua salfa ni mpango wa mtu anayeishi hapa.

Waligawa kazi mafungu matatu. Kwanza fremu ya mwisho ikageuzwa chumba cha oveni huku sisi tunaendelea kuoka kwenye ile ya zamani. Ilipokamilika, umeme umewaka na bwana afya amepita, tukahamisha oveni usiku mmoja, asubuhi mkate upo. Ndo wakaingia fremu ya katikati, mwisho kabisa duka la mbele. Kati ya sisi na vumbi walipiga ukuta wa plaiwudi kutoka sakafuni mpaka dari, wakaziba viungo kwa turubai na tepu ya karatasi yenye gundi, na kazi za kukata tailizi zote zikafanyika nyuma uani. Kwa mtu wa unga hili sio urembo, vumbi la simenti likiingia kwenye mashine ya kukandia umekwisha.

Mpangilio wa ndani pia waliufikiria kama watu wa chakula. Unga unaingia mlango wa nyuma, unakandwa, unaokwa, unapoa, unatoka mbele, haurudi nyuma wala hauvukani na taka. Kuta za jikoni tailizi mpaka juu ya kichwa zioshwe, madirisha nyavu, sinki ya mikono mbali na ya vyombo. Tulipoenda kwenye usajili wa jengo TBS, Shirika la Viwango, maana tangu 2019 mambo ya chakula yalitoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, yakaenda kwao, hatukuambiwa turudi kubomoa kitu.

Kitu kingine kidogo ila cha maana kwa mji wa bahari. Lori la kwanza la mchanga lilirudishwa. Msimamizi alichukua kiganja, akaona vipande vya kombe, akaonja kwa ulimi, akamwambia dereva, "Kaka, huu wa baharini, rudi nao." Dereva alilalamika sana lakini ukarudi. Mchanga wenye chumvi unakula nondo ndani ya zege, na plasta yake inatoa unga mweupe na kubanduka, nyumba kibao mjini unaziona zinavyomenyeka chini kwenye msingi. Kwa sababu hiyo hiyo ya hewa ya chumvi madirisha wakashauri aluminiamu. Simenti hatukuhangaika, kiwanda cha Dangote kiko hapa hapa, ile yenye nguvu zaidi, 42.5, ikaenda kwenye zege na 32.5 kwenye plasta.

Malalamiko sasa.

Umeme. Kwenye BOQ, yani orodha ya vifaa, kazi na gharama zake, kila kitu kiliandikwa kwa idadi, tofali, nondo, mifuko, lita za rangi, ila umeme ukawekwa mstari mmoja tu wa makadirio. Oveni yetu mpya inataka umeme wa njia tatu, yani fezi tatu, na kuna swichi ya kubadilisha kwenda jenereta maana Mtwara tunajua umeme unavyoweza kukatika oveni ikiwa imejaa mikate. Ilipofika kazi yenyewe ule mstari ukavimba vibaya, nyaya nene zaidi, bodi kubwa zaidi, na sisi tumeshafika katikati huwezi kurudi. Sisemi walituibia, risiti zote za EFD, za mashine ya kodi, walileta, lakini mtu anayejua kupanga ukuta vile alitakiwa kupanga umeme vilevile. Hapa walituumiza.

Aluminiamu ya mbele ilichelewa kutoka Dar na wakawa hawapokei simu. Njia ni ndefu, zaidi ya kilomita 550, na kila mtu anakumbuka Mei 2024 barabara ilivyokatika Somanga baada ya kimbunga Hidaya, kwaiyo kuchelewa naelewa, ila nipigie uniambie. Tulikaa na turubai mbele ya duka huku upepo wa kusi unalipiga kutwa, na dada ndo aliyekuwa anawajibu wateja.

Na sakafu ya jikoni, kona moja maji yalikuwa hayaendi kwenye mtaro, yanatuama. Wakasema ni kawaida. Dada akamwaga ndoo mbele ya injinia, tukasimama wote tunaangalia maji yamekaa. Wakabandua zile tailizi wakarekebisha mteremko kwa gharama zao, na sitaficha kwamba kilichosaidia ni mkataba: malipo yalikuwa kwa hatua iliyokamilika na kukaguliwa, na asilimia 10 tulibaki nayo mpaka muda wa matazamio wa miezi sita, wa kuona kama kuna kasoro, uishe. Huo mkataba waliuandika wao wenyewe na kipengele hicho walikiweka bila sisi kuomba, kwaiyo hata kwenye kosa lao utaratibu wao ulitulinda.

Bei yao ilikuwa juu ya mafundi wote wawili wa mwanzo, na mchoro na mpango vililipiwa kivyake kabla ya kazi. Kuna ndugu walitwambia tunatupa hela kwa makaratasi. Mimi nasema lipia. Kwa miezi yote ile hakuna siku tuliyokosa mkate kaunta, na kwa biashara inayokua mteja akikukosa asubuhi mbili tatu anazoea kwingine.

Nawapa nyota nne kati ya tano, ile moja wameikosa kwa umeme na simu. Awamu ya pili ni stoo ya unga upande wa uani, tumewapa wao tena wapange, na safari hii dada amegoma kusaini mpaka umeme uandikwe soketi kwa soketi na waya kwa unene wake. Wamekubali, BOQ mpya wanaileta wiki ijayo.