Billboard: jarida la kuaminika, ukijua lilikuwa likihesabu nini

Mabishano kuhusu wimbo uliowahi kushika namba moja Marekani huishia kwa Billboard, jarida la muziki la huko. Ni haki yake, ila mwenye kulitumia lazima ajue kwanza mwaka ule walikuwa wakihesabu nini.

Lilianza tarehe 1 Novemba 1894 huko Cincinnati, tena bila habari ya muziki. William Donaldson na James Hennegan walilitoa kwa ajili ya wabandika mabango, kurasa 8 kwa senti 10. Sarakasi na maonyesho yakaingia kwa kuwa ndiyo yaliyotegemea mabango; muziki ukaja kutawala enzi za redio na jukeboksi, yaani mashine za kupiga santuri kwa sarafu. Mwaka 1961 habari za maonyesho zikapewa jarida lake, na Billboard likabaki na muziki.

Hazina yake kubwa ni matoleo ya zamani. Mengi yamepigwa picha na kuwekwa Google Books, bure, ukurasa kwa ukurasa pamoja na matangazo ya kampuni za santuri. Usitegemee kisanduku cha kutafutia: herufi za chati, yaani orodha za nyimbo zinazoongoza, ni ndogo na kompyuta huzisoma vibaya. Fungua toleo la tarehe unayoitaka, kisha pekua mwenyewe hadi kwenye chati. Toleo la Julai 20, 1968, kwa mfano, linamwonyesha Hugh Masekela wa Afrika Kusini akiwa kileleni mwa Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya jarida hilo.

Hapo ndipo watu hukosea. Hot 100 imeanza Agosti 4, 1958. Kabla yake palikuwa na chati kadhaa kwa wiki moja: mauzo ya madukani, nyimbo zilizopigwa na watangazaji wa redio, na zilizochezwa kwenye jukeboksi. Nyimbo tatu tofauti zinaweza kuwa namba moja wiki hiyohiyo, kwa hiyo mtu akikutajia namba moja ya 1955, muulize ya chati ipi. Ukifuatilia muziki wa Wamarekani weusi, jihadhari na pengo: tangu mwisho wa Novemba 1963 hadi Januari 1965 jarida halikutoa chati ya R&B kabisa. Msanii asiyeonekana humo miezi hiyo hakushuka. Chati yenyewe haikuwepo.

Udhaifu mkubwa zaidi ulikuwa kwenye ukusanyaji. Maduka yalitoa taarifa ya kipi kinauzika zaidi, mara nyingi kwa simu, bila idadi kamili. Mwenye duka angeweza kukisia, au kumpendelea wakala wa kampuni ya santuri. Mei 1991 chati ya albamu ikahamia SoundScan, mfumo unaohesabu kila nakala mashine ya malipo inaposoma msimbo wake. Papo hapo kantri na rap zikapanda, kwa sababu wanunuzi wake walikuwepo siku zote ila hawakuwa wakihesabiwa ipasavyo. Kwangu mimi, haya ndiyo mageuzi bora kuliko yote katika historia ya jarida hili.

Hata hivyo kasoro moja iliendelea hadi Desemba 1998: wimbo usiouzwa kama singo, yaani peke yake nje ya albamu, haukuruhusiwa kuingia Hot 100. Ndiyo maana “Don't Speak” ya bendi ya No Doubt iliongoza chati ya redio wiki 16 na haimo kwenye Hot 100 ya wakati huo.

Kwa sasa kinachosumbua ni uzito wa usikilizaji wa mtandaoni. Mwaka 2014 albamu moja ilihesabiwa kwa nyimbo kusikilizwa mara 1,500. Kuanzia 2018 hadi 2025 ikawa mara 1,250 kwa wanaolipia na 3,750 kwa wanaosikiliza bure na matangazo. Kulinganisha “mauzo” ya albamu ya 1995 na ya 2019 ni kulinganisha vitu viwili tofauti.

Jambo la mwisho ni tarehe. Tangu 2015 wiki ya kuhesabu mauzo na usikilizaji wa mtandaoni huanza Ijumaa na kuisha Alhamisi, na tangu Januari 2018 tarehe ya chati ni Jumamosi ya wiki inayofuata. Kwa chati za kuanzia 2018, ukitaka kujua watu walisikiliza nini, toa siku 9 kwenye tarehe ya chati: hiyo ndiyo Alhamisi hesabu ilipofungwa.